Asilimia 10 Iliyokula Mbegu

Ubao wa PredictIt, soko la kubashiri siasa za Marekani, wa Novemba 2020 mnaukumbuka. Vyombo vikubwa vya habari vilikwisha kumtangaza Joe Biden mshindi wa urais tarehe 7, lakini wiki zikapita hisa yake ya Ndiyo, inayolipa senti 100 akishinda na sifuri akishindwa, ikiuzwa kwa bei ya mashindano yasiyoisha. Wasomaji wa ubao wakasema soko lina shaka. Mashabiki wa Donald Trump walikuwemo, sikatai. Ila shabiki yumo katika kila soko, na kazi ya wenye hesabu ni kumnyang'anya bei mbovu. Mbona safari hii hawakuimaliza kazi? Jibu langu ni lile lile la siku zote: ada.

Soko hilo lilipofunguliwa mwaka 2014, waendeshaji waliamua kukata asilimia 10 ya faida ya kila hisa, kila moja kivyake, bila kuangalia hasara ya hisa jirani katika swali hilo hilo. Juu yake wakaweka asilimia 5 ya kila fedha unayotoa. Uamuzi ule ulikuwa kosa tangu siku ya kwanza.

Chukua kinyang'anyiro cha wawili. Ndiyo ya huyu senti 48, Ndiyo ya yule senti 48. Ukizibeba zote mbili umetumia senti 96, na lazima moja ilipe 100. Senti 4 za bure. Mtoto wa darasa la tano anaziona. Mkata ada hazioni. Yeye anaona hisa iliyonunuliwa 48 ikalipa 100, anaiita 52 faida, anachukua 5.2. Umebaki na 94.8. Ile 48 iliyokufa upande wa pili haimhusu. Ukitoa fedha, asilimia 5 ya jumla inakatika tena, na mkononi zinafika senti 90 na chembe. Mkeka haukuchanika, umepatia kila upande, na umepoteza karibu senti 6. Hapo mkata ada hajala mavuno, amekula mbegu.

Na hiyo ada ya kutoa nitaisema mpaka mhariri anichoke, maana inakata hata mtaji ulioingia nao. Aliyetoa pesa kwa simu Tanzania baada ya tozo za Julai 2021 anaujua uchungu wa kukatwa chako kwa kosa la kukitaka.

Wala PredictIt hawakukosa wa kuwafundisha. Chuo Kikuu cha Iowa kilianza soko lake la kubashiri mwaka 1988 na kuliendesha bila kamisheni ya biashara. Soko la kubeti la Betfair, mwaka 2000, likalimaliza somo: jumlisha ulichoshinda katika soko zima, toa ulichopoteza, kamisheni ikatwe kwenye salio. Kwa asilimia 5 ya enzi zile, mfano wetu unatozwa senti 0.2 na unaondoka na 3.8. Wale walijua faida ni nini.

Mengine PredictIt waliyafanya sawa: maswali yalikuwa mengi na oda zilionekana wazi.

Baada yao Kalshi, soko jingine la kubashiri, wamekuja na kanuni bora ya ada: 0.07 mara bei mara kilichobaki kufika dola, hivyo ada inakuwa kubwa kwenye senti 50, yaani senti 1.75, na kupungua kila unapokaribia ncha. Kasoro ni kupandisha kila oda hadi senti nzima. Mnunuzi wa hisa moja ya senti 95 anadaiwa theluthi ya senti, analipa senti kamili, moja ya tano ya faida yake yote. Nunueni kwa mafungu. Wenzao wa Polymarket nao kwa miaka walijivunia kutotoza ada ya biashara. Sawa, ila pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza nalo ni ada, tofauti ni kwamba haina risiti.

Turudi Novemba 2020. Mwenye hesabu ananunua Biden kwa senti 90. Akishinda anakatwa 1 ya faida, kisha karibu 5 za kutoa, anapokea 94.05. Kwa kikomo cha PredictIt cha dola 850 kwa kila mgombea, jasho lake lote ni kama dola 38, na pesa imefungwa mpaka wajumbe wa uchaguzi wapige kura Desemba 14. Sasa mpe bei ya 95. Anashinda, anakatwa nusu senti, anatoa, anapokea 94.5. Ameshinda na ana hasara.

Basi nani alete pesa mpya kuisukuma bei ipite hapo? Ada ilikuwa imejenga dari, na watu wakaisoma dari kama shaka ya soko. Hilo ndilo lisilosameheka. Mchezaji aliyekatwa senti zake alizikosa peke yake. Bei iliyopinda ilisomwa na wengi ambao hawakuwahi kununua hata hisa moja.