Jehanamu Isiyo na Majina: Santuri ya "Inferno" (1973) na Urithi wa Dante

Msanii anayeuchukua utungo mkuu wa kale na kuuhamishia katika fani nyingine hukabiliwa na swali moja: auhifadhi umbo la utungo huo au roho yake? Santuri ya "Inferno", iliyotolewa mwaka 1973 na bendi ya Metamorfosi ya mjini Roma, ni mfano mwafaka wa tatizo hili. Miongoni mwa kazi za roki ya progresivu nchini Italia, haikupata umaarufu wa zile za Premiata Forneria Marconi au Banco del Mutuo Soccorso. Hata hivyo, inastahili kuhakikiwa.

Kimuundo, santuri inaifuata safari ya Dante Alighieri kwa karibu. Inaanzia katika msitu wa giza, inapita kwenye lango la jehanamu, inamkuta Caronte, mvushaji wa roho, kisha inateremka hadi kwa Lucifero. Gitaa la solo halimo. Vinanda vya Enrico Olivieri ndivyo vinavyoibeba simulizi, vikisaidiwa na sauti ya Davide Spitaleri iliyo karibu na uimbaji wa opera.

Uzito wa kazi hii, lakini, umo katika orodha ya wenye dhambi. Pamoja na wazinzi, wachoyo na wenye jeuri wa Dante, wamo mlanguzi wa dawa za kulevya, wanyonyaji na wabaguzi wa rangi. Naye Lucifero ameambatanishwa na wanasiasa. Mhakiki anayeshikilia uaminifu kwa matini asilia huenda akauona huu kuwa upotoshaji. Hoja hiyo haina mashiko. Dante mwenyewe aliutunga utendi wake kwa lugha ya umma badala ya Kilatini, na akaijaza jehanamu watu wa zama zake. Katika wimbo wa 19, Papa Nicholas III amefukiwa kichwa chini, nyayo zikiwaka moto, huku akimsubiri Boniface VIII, ambaye alikuwa bado hai mwaka 1300, wakati safari hiyo inapotendeka. Utendi ule ulikuwa mashtaka kabla ya kuwa mali ya maktaba. Katika Italia iliyokuwa imetikiswa na bomu la Piazza Fontana, Milano, mwaka 1969, kuwaongeza wanyonyaji na wabaguzi kulikuwa kumrudishia Dante makali yake.

Kasoro ya santuri iko kwingine. Wenye dhambi wa Dante wana majina, tena wanasema. Francesca anayaeleza mapenzi yake hadi msafiri anazirai kwa huruma. Ulisse anaisimulia safari yake ya mwisho. Hukumu haibatilishwi, lakini msomaji hujikuta akimhurumia aliyehukumiwa. Katika anwani za vipande vya Metamorfosi, wahusika waliotajwa kwa majina ni wawili tu, Caronte na Lucifero, na wote si wanadamu. Waliosalia ni aina za watu. "Mnyonyaji" asiye na uso ni rahisi kumlaani, na msikilizaji hana hofu ya kujiona ndani yake.

Bendi iliirudia safari hiyo katika "Paradiso" (2004) na "Purgatorio" (2016). Anayeuhamisha utendi huu hana budi kuyabeba mashtaka yake pamoja na huruma yake. "Inferno" iliyabeba mashtaka kwa ushujaa. Huruma iliiacha langoni.