Nasaba ya Miungu na Jina la Mwandishi: Uhakiki wa Kisasili cha Wana wa Rangi

Katika ufundishaji wa fasihi simulizi, kisasili aghalabu hufasiliwa kuwa masimulizi ya jamii nzima yasiyo na mtunzi anayejulikana. Fasili hii imerudiwa mno hata imekuwa kanuni isiyodaiwa uthibitisho. Makala haya yanaitilia shaka kwa kuchunguza kisasili mashuhuri cha Wamaori, wenyeji asilia wa New Zealand, kihusucho Rangi na Papa na wana wao. Hoja ya msingi ni kwamba matini isomwayo duniani kote kama imani ya Wamaori kwa jumla ina mwandishi mwenye jina, ukoo na lengo. Na kwamba kufichwa kwa jina hilo kumechangia kupotosha jinsi miungu wenyewe wanavyoeleweka.

Kwa ufupi, kisasili chenyewe kinasimulia hivi. Ranginui, yaani Mbingu, na Papatuanuku, yaani Dunia, walikuwa wamekumbatiana, na wana wao wakaishi gizani kati ya miili yao. Tumatauenga alishauri wazazi wauawe. Tane alishauri watenganishwe, na ndiye aliyefaulu, kwa kulala chali juu ya mama na kumsukuma baba kwa miguu. Tawhirimatea peke yake hakuridhia utengano huo. Alimfuata baba juu, akarudi na dhoruba kuwaadhibu nduguze. Miti ya Tane ilivunjika na Tangaroa akakimbilia baharini. Rongo na Haumia walifichwa na mama yao ardhini. Ni Tumatauenga tu aliyesimama imara.

Matini hii ilienea kutokana na vitabu viwili vya Sir George Grey, aliyekuwa Gavana wa New Zealand kati ya 1845 na 1853. Cha kwanza, cha Kimaori, kilitoka 1854. Cha pili, Polynesian Mythology, ni cha Kiingereza na kilitoka London 1855. Anwani ndogo ya hicho cha pili inayahusisha masimulizi na makuhani na machifu kwa jumla. Hata hivyo, miswada ya Grey iliyohifadhiwa Auckland inaonyesha kwamba sehemu kubwa iliandikwa na mtu mmoja, Wiremu Maihi Te Rangikaheke wa Ngati Rangiwewehi, tawi la Te Arawa. Te Rangikaheke hakuwa mtambaji aliyenukuliwa na mgeni. Alikuwa msomi aliyeandika kwa mkono wake mamia ya kurasa: visasili, nyimbo, mila na habari za siasa za wakati wake.

Tofauti kati ya mswada na tafsiri ya Kiingereza inadhihirika mwanzoni kabisa. Te Rangikaheke anaanza kwa kuwaita watu wamsikilize. Kisha anaweka mafundisho mawili bega kwa bega: Wazungu husema Mungu peke yake ndiye aliyeumba mtu, mbingu na ardhi; Wamaori husema Rangi na Papa ndio asili. Huu ni mjadala. Mwandishi anaijua dini ya wageni, anaitaja, na anasimamisha elimu ya wazee wake mbele yake kama elimu iliyo sawa nayo. Katika tafsiri ya Grey, ulinganishi huo haupo. Kilichobaki ni sauti tulivu ya "mapokeo ya kale," isiyojua kwamba Mzungu yupo. Kwa hiyo, sifa inayodhaniwa kuwa ya kisasili chenyewe, yaani kutokuwa na mtunzi wala wakati, hapa ilitokana na kalamu ya mhariri.

Matokeo ya pili yanahusu miungu. Msomaji asiyejua mazingira ya matini humgeuza Tangaroa kuwa mungu wa bahari, Tane mungu wa misitu na Tumatauenga mungu wa vita, kana kwamba ni mawaziri waliogawiwa wizara. Okot p'Bitek alilikemea kosa la namna hii mwaka 1970, alipowashutumu wataalamu wa Magharibi, pamoja na wasomi wa Kiafrika waliowafuata, kwa kuwavisha miungu wa Afrika mavazi ya Kiyunani. Onyo lake linafaa hapa pia. Dhana inayotawala masimulizi ya Te Rangikaheke ni whakapapa, yaani nasaba. Atua si mtawala wa nje anayesimamia bahari au msitu. Ni jamaa ya huyo anayesimulia.

Hili linathibitishwa na sehemu ya mwisho. Baada ya vita, Tumatauenga anawalipiza nduguze kisasi kwa kuwa walimwacha apambane peke yake. Anatega mitego na kuwanasa ndege wa Tane, anasuka nyavu na kuwavua wana wa Tangaroa. Rongo, ambaye ni viazi vitamu, na Haumia, ambaye ni mizizi ya kangaga, anawatambua kwa nywele zao zilizochomoza ardhini, yaani majani, naye anawachimbua. Wote anawala, na kwa kila mmoja anaweka maneno maalumu ya kumwondolea utakatifu ili awe chakula. Ikichukuliwa kwamba Tumatauenga ni "mungu wa vita," tukio hili halina maana. Likisomwa kinasaba, maana inajitokeza: Tumatauenga ndiye kielelezo cha binadamu, na kila mlo ni kumla ndugu. Ruhusa ya kula ina sharti lake, ambalo ni maneno hayo. Tawhirimatea hakushindwa, ndiyo sababu dhoruba haziliwi wala hazitawaliwi.

Yamkini itapingwa kwamba mwandishi mmoja hawezi kuisemea jamii nzima. Pingamizi hili ni la haki, nalo linaimarisha hoja. Mwaka 1849, Matiaha Tiramorehu wa Ngai Tahu, katika Kisiwa cha Kusini, aliandika simulizi ambamo Papa alikuwa kwanza mke wa Takaroa, jina la Tangaroa katika lahaja ya huko. Takaroa aliporudi safarini na kumkuta Rangi amemtwaa mkewe, alimchoma Rangi kwa mkuki. Hapa Takaroa si mwana wa Rangi bali hasimu wake. Matini zote mbili ni za Wamaori, na hakuna iliyo ya Wamaori wote. Kinachoziunganisha ni nasaba kama njia ya kuufikiria ulimwengu.

Njia hiyo haijafa. Mwaka 2017, Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kuwa na haki za mtu kisheria, kutoka milimani hadi baharini. Anayedhani kwamba miungu wa Wamaori ni mapambo ya hadithi ataiona sheria hiyo kuwa kioja. Aliyemsoma Te Rangikaheke ataona mantiki ya ujamaa ambayo haikukoma. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, fundisho ni moja: kabla ya kuandika kwamba kisasili hakina mtunzi, sharti aulize ni nani aliyelifuta jina, na ni nini kilichofutwa pamoja nalo.