Pale Nyuma ya Kiwiko: Mkanda wa Tumbo na Mwendo wa Mnyama

Ukipita asubuhi kwenye kioski cha maji katika mtaa wowote wa Nakuru wenye mikokoteni ya punda, tazama punda kwanza, mzigo baadaye. Nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, hapo mkanda wa tumbo unapopita, utakuta baadhi yao wana kiraka cha manyoya meupe kisichozidi upana wa kiganja. Hawakuzaliwa nacho. Ngozi ikibanwa mpaka ikaumia, manyoya yanayoota baada ya kupona huja bila rangi. Ni mvi ya kazi, na inakuonyesha bila kukosea mkanda ulikuwa unauma wapi.

Juzi nilisimama kumtazama kijana akimfunga punda wake. Alivuta mkanda kwa mkupuo mmoja, goti likiwa ubavuni mwa mnyama, na punda akageuza shingo na kufunua meno. "Huyu ni mkaidi, mzee," kijana akaniambia. "Ukigusa mkanda tu, anataka kukuuma." Tumezoea kusema asante ya punda ni mateke, na methali hiyo imewaharibia punda jina kwa karne nyingi. Wa juzi hakuwa na la kushukuru. Alikuwa anakumbuka jana.

Swali la makala haya ni dogo: mkanda unaopita chini ya kifua unauzuiaje mguu wa mbele kwenda? Jibu linaanzia kwenye mifupa. Farasi na punda hawana mtulinga. Binadamu, mkono wake umeshikizwa kifuani kwa mfupa huo. Mnyama huyu, kiwiliwili chake chote kimening'inizwa katikati ya miguu ya mbele kwa misuli mitupu, kama mtoto aliyebebwa kwa leso. Misuli hiyo ndiyo inayobeba, ndiyo inayomeza mshtuko, na sehemu yake ndiyo inayourudisha mguu nyuma baada ya kukanyaga. Mkanda wa tandiko unapita juu yake, au kidole kimoja nyuma yake. Kila hatua, kiwiko kinarudi nyuma kikisukuma misuli iliyovimba kwa kazi, nayo inakutana na ukingo wa mkanda ambao hausogei.

Kwa muda mrefu wapanda farasi waliamini kwamba mgandamizo mkubwa uko chini kabisa, kwenye mfupa wa kidari, kwa sababu hapo ndipo mkanda unapoonekana kubeba. Sponji zikashonewa hapo. Mwaka 2013 jarida la utabibu wa mifugo la Uingereza, The Veterinary Journal, lilichapisha utafiti wa Rachel Murray, Russell Guire na wenzao ulioivunja imani hiyo, na jinsi walivyoufanya inafaa kuelezwa, maana ni kazi ya fundi mvumilivu.

Kwanza walichukua mkeka mwembamba wenye vihisio vya mgandamizo, wakauhakiki, kisha wakaulaza kati ya mkanda na ngozi ya farasi 10 wakiwa kazini. Mkeka ulionyesha kilele cha mgandamizo kiko pembeni, juu ya misuli iliyo nyuma ya kiwiko, na wala si kwenye kidari. Hapo ndipo wakachora mkanda mpya, uliokatwa ili uepuke sehemu hizo. Hawakuongeza sponji. Waliondoa mkanda pale ulipokuwa hautakiwi.

Awamu ya pili ilikuwa na farasi 20 wa kiwango cha juu, wazima, wasio na malalamiko yoyote. Kila farasi alipandwa akiwa na mkanda wake wa kawaida, kisha na ule mpya, na majaribio yakapangwa ili anayepanda na anayepima wasijue ni upi uko wapi. Kamera za kasi zilifuatilia viungo. Kwa mkanda mpya, mguu wa mbele ulinyooshwa mbele zaidi kwa asilimia 6 hadi 11, na wa nyuma kwa asilimia 10 hadi 20. Goti la mbele lilikunjwa zaidi kwa asilimia 4. Kilele cha mgandamizo chini ya mkanda wa kawaida kilikuwa karibu mara mbili ya kile cha mkanda mpya.

Namba ya mguu wa nyuma ndiyo iliyonisimamisha. Mkanda uko mbele, faida kubwa zaidi iko nyuma. Lakini ukimtazama mnyama anayetembea utaelewa: akiogopa kufungua kifua, mgongo unakakamaa, na mgongo ukikakamaa mguu wa nyuma hauna pa kuingia chini ya tumbo. Anatembea kama mtu mwenye kiatu chenye jiwe, ambaye nyonga yake ndiyo huanza kuuma.

Sina budi kutoa tahadhari kidogo hapa. Mmoja wa waandishi wa utafiti huo anaitwa Fairfax, na Fairfax ndilo jina lililoandikwa kwenye mkanda unaouzwa madukani. Hilo halifuti vipimo, hasa kwa jinsi jaribio lilivyofichwa, ila ni sababu ya kuamini kanuni kuliko chapa. Na kanuni inaungwa mkono kutoka upande mwingine: watafiti wa Australia waliowakimbiza farasi wa mbio juu ya mashine mwishoni mwa miaka ya 1990 waliona kwamba kadiri mkanda ulivyokazwa, farasi alichoka mapema. Farasi anayekimbia kwa kasi hupumua pumzi moja kwa kila hatua. Ukimwibia nafasi ya kifua, hana pengine pa kuitafuta.

Sasa turudi Bonde la Ufa, maana huku farasi si wengi. Wapo Gilgil, kwenye uwanja wa polo, na wapo kwenye ranchi za kuzunguka Naivasha na Elementaita. Njoro ilikuwa na enzi yake: hapo ndipo mlowezi Clutterbuck alifuga farasi wa mbio, na binti yake, Beryl Markham, akaifuata kazi hiyo akiwa kijana mbichi kabla ya kugeukia ndege. Lakini tauni ya farasi ya Afrika, inayoletwa na visubi, haikumwacha farasi azoee nchi hii kwa urahisi. Punda huiugua kidogo sana au haiugui kabisa, pundamilia vivyo hivyo. Kwa hiyo mzigo wa Nakuru, tangu maji hadi majani ya ng'ombe, umelala juu ya punda.

Na punda si rahisi kumpata tena. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo machinjio yalifunguliwa Mogotio na Naivasha, ngozi zikisafirishwa Uchina, na wizi wa punda ukaingia vijijini, hadi serikali ilipopiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020. Mwenye punda leo anajua kwamba akimpoteza kwa kidonda, kumrudisha si kazi ya wiki moja. Hapo mkanda unakuwa hesabu ya pesa.

Ila mkanda wa mkokoteni haufanyi kazi sawa na ule wa tandiko, na hapa ndipo mengi huchanganywa, hata na watu wanaotuletea misaada. Mkanda wa tandiko unashika tandiko lisizunguke. Mkanda wa tumbo wa punda wa mkokoteni unaizuia mipini isipae. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni mizani: ekseli ndiyo egemeo, mzigo uko upande mmoja au mwingine. Ukielemea mbele, mipini inashuka na mgongo unabeba. Ukielemea nyuma, mipini inainuka, na kitu pekee kinachoizuia ni mkanda uliopita chini ya kifua cha mnyama.

Tufanye hesabu. Mitungi 15 ya lita 20 ni kilo 300, tukiacha mbao. Tuseme mipini inafungwa kwa punda mita 2 mbele ya ekseli. Kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 10 nyuma ya ekseli, mkanda unavutwa juu kwa uzito wa kilo 15. Kikiwa sentimita 30 nyuma, takriban upana wa safu moja ya mitungi, ni kilo 45. Uzito wa mipini yenyewe utapunguza kidogo. Hata hivyo, mtu aliyepanga mitungi yake akianzia nyuma, kwa sababu ndiko rahisi kufikia, amefunga karibu mfuko mzima wa saruji kwenye kifua cha punda, akielekeza juu.

Halafu kuna mlima. Nakuru yote imelala kwenye mteremko, kutoka kingo za Menengai kushuka hadi ziwani, na mwenye bahati mbaya ni anayeuza maji upande wa juu wa mji: anapanda akiwa amejaa, anashuka akiwa mtupu. Mzigo ambao kitovu chake kiko sentimita 60 juu ya ekseli, ukifika kwenye mwinuko wa asilimia 10, kitovu kinarudi nyuma sentimita 6 bila mtungi hata mmoja kuhamishwa. Hizo ni kilo 9 nyingine kwenye mkanda, na zinaongezwa wakati uleule punda anapohitaji kifua kizima ili apumue. Ndiyo maana mzigo uliosawazishwa uwanjani unaweza kumkaba mnyama barabarani. Anayepanda huwa anahitaji mtungi mmoja au miwili mbele ya mizani, ili mlima utakapourudisha uzito nyuma, uwe umerudi katikati tu.

Kushuka nako kuna lake. Mikokoteni mingi ya huku haina breki wala mkanda wa kuzunguka matakoni. Mzigo ukishuka, mipini inamsukuma punda kwa mbele. Mkanda wa tumbo, uliofungwa kwenye mipini, unavutwa pamoja nayo mpaka unakaa kwenye kunyanzi la ngozi nyuma ya kiwiko. Hapo ndipo kile kiraka cheupe huzaliwa. Mwenye punda ataona kidonda cha kifuani, aweke gunia, aongeze kitambaa, na kidonda kitarudi, kwa sababu kilichokosekana kiko nyuma ya mkia. Mkanda wa matakoni, mpana, ukikaa chini ya makalio na kushikizwa kwenye mipini, unaifanya miguu ya nyuma ndiyo izuie mzigo. Mkanda wa tumbo unabaki mahali pake.

Punda wanaofungwa wawili wawili chini ya nira wana shida ya namna yake. Nira ni chombo cha ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu ya kuisukuma. Punda hana, mabega yake ni bapa, na nira humwelea. Ili isiruke inafungwa kwa kamba kifuani, na kamba hiyo inakuwa mkanda wa tumbo usio na jina, mwembamba kuliko yote.

Wembamba una bei. Nguvu ileile ya kilo 15 ikipita kwenye kamba ya nailoni ya sentimita 1, kila eneo la ngozi linabanwa mara 8 kuliko ikipita kwenye mkanda wa sentimita 8. Mpira wa tairi kuukuu si mzuri sana pia: una ukingo mkali, haunyonyi jasho, na hubana mchanga. Bora zaidi kwa bei ya mtu wa kawaida ni mkanda wa usalama wa gari uliochakaa, vipande viwili au vitatu vikishonwa sambamba na fundi wa viatu, na upande wa ngozi ukashonewa turubai au blanketi la pamba. Lakini upana nao usiabudiwe. Mkanda mpana ukifika kiwikoni unakwangua zaidi ya mwembamba. Somo la ule mkeka wa Uingereza ni umbo: mpana chini ya kidari, uliopunguzwa ukingo wa mbele pale pembeni unapopita nyuma ya kiwiko.

Mkeka wa vihisio hatuna, ila tuna vumbi na jasho. Mfungue punda baada ya safari ndefu na utazame chini ya mkanda. Jasho lililoenea sawa ni dalili njema. Kiraka kikavu katikati ya manyoya yaliyolowa huwa kimebanwa mno, mpaka tezi hazikutoa kitu. Manyoya yaliyovunjika yanakuonyesha mahali mkanda unapoteleza. Unapopima mkazo wa mkanda kwa vidole viwili, vipitishe chini, kwenye kidari. Pembeni kuna kibonde na vidole hupita hata mkanda ukiwa umekaza vibaya. Kaza kwa awamu tatu, kisha inua kila mguu wa mbele na uuvute mbele taratibu, makunyanzi ya ngozi yanyooke.

Kipimo kingine hakigusi mnyama kabisa. Nilimwomba yule kijana amtoe punda, mkokoteni ukiwa umejaa, ashike mipini kwa mikono yake mwenyewe. Ilimpanda hadi kifuani. Ikabidi ailalie kwa uzito wake ili isipae. Akaniangalia, akaangalia mitungi, akacheka kidogo kwa aibu. Alihamisha mitatu kutoka safu ya nyuma hadi ya mbele, akashika tena. Mipini ikamkalia viganjani, nzito kiasi cha ndoo isiyojaa. Alipomrudisha punda na kuunyanyua mkanda, punda aligeuza shingo kama kawaida yake, na meno yakiwa nje akangoja mkupuo.

Kijana alifunga tundu la kwanza, akasimama.