Neema Isiyo na Masimango: Kumsoma Tena Askofu wa Victor Hugo

Kuna swali ambalo Wakristo wamebishana juu yake tangu kizazi cha kwanza: mtu anaokolewa kwa neema ya Mungu, au kwa matendo yake mema? Paulo, akiwaandikia Warumi, anamleta Abrahamu kama shahidi kwamba ni imani iliyohesabiwa, si kazi. Yakobo naye anamleta Abrahamu huyohuyo, anashika andiko lilelile la Mwanzo, kisha anafikia hukumu inayoonekana kwenda kinyume kabisa. Martin Luther hakuuvumilia waraka wa Yakobo. Mwaka 1522, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani, aliufananisha na majani makavu. Ilibidi isubiriwe hadi tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, ndipo Wakatoliki na Walutheri wakatia saini tamko la pamoja kuhusu ugomvi huo.

Wanateolojia wana namna yao ya kulieleza jambo hili. Sisi wasomaji wa riwaya tuna *Les Misérables*. Victor Hugo aliichapisha mwaka 1862 akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Wengi wetu tunaijua kwa filamu na kwa maigizo ya nyimbo, na tunaikumbuka kama hadithi ya mwizi aliyebadilishwa na vinara viwili vya fedha. Hebu tuisome polepole basi, maana ndani yake mambo si mepesi hivyo.

Jean Valjean anafika mji wa Digne mwaka 1815. Ametumikia kifungo cha miaka 19: mitano kwa kuvunja duka na kuiba mkate, 14 kwa kujaribu kutoroka. Kila nyumba ya wageni inamfukuza. Askofu Myriel anamkaribisha, anamlisha, anampa kitanda chenye mashuka. Usiku Valjean anaiba vyombo vya fedha na kutokomea. Waswahili tulishasema zamani: fadhila za punda ni mateke. Asubuhi askari wanamrudisha akiwa ameshikwa ukosi, naye askofu anamuuliza, mbele yao, kwa nini amesahau kuchukua na vinara, maana navyo alipewa!

Hapo watu wengi hufunga kitabu na kufuta machozi. Mimi ninachokiona kina uzito zaidi ni mambo mawili yanayofuata.

La kwanza ni ahadi. Kabla ya kumwacha aende, askofu anamkumbusha Valjean kwamba aliahidi kuitumia fedha ile kuwa mtu mwaminifu. Valjean anashangaa, kwa sababu hakuahidi kitu. Sasa hii ni nini? Je, askofu anamtega? Anamuuzia neema kwa mkopo? Kiswahili kina neno linalotusaidia hapa: masimango. Ni yale maneno ya kumkumbusha mtu wema uliomtendea, ili asisahau kwamba bila wewe angekuwa si kitu. Masimango yanaugeuza wema kuwa deni. Nadhani Hugo alijua kwamba anatembea karibu sana na shimo hilo. Kinachomwokoa askofu ni kwamba haombi kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe. Hataki shukrani, hataki taarifa ya maendeleo, na hamtafuti tena Valjean maisha yake yote. Hiyo ahadi ya uongo ni zawadi ya tatu, baada ya vyombo na vinara: anamdhania mtu yule kuwa tayari ni mtu anayeweza kuahidi.

La pili ni kwamba neema haikufanya kazi papo hapo. Siku ileile, njiani, Valjean anaikanyaga sarafu ya so 40 ya mtoto mmoja maskini, Petit Gervais, na kukataa kumrudishia. Yaani ametoka kusamehewa sasa hivi, ameiba tena, tena kwa mtoto! Mwandishi mdogo angeiruka sehemu hii, au angeiweka kabla ya askofu ili hesabu ikae sawa. Hugo anaiweka baada. Mtoto akishakimbia akilia ndipo Valjean anavunjika moyo na kulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19. Kwa hiyo neema imekuja kwanza, bila sharti, na toba imefuata nyuma ikichechemea. Paulo angetikisa kichwa kukubali. Yakobo naye angesubiri kuona kesho yake.

Na kesho yake ipo. Valjean anajibadilisha jina, anakuwa Madeleine, mwenye kiwanda na meya wa Montreuil-sur-Mer. Anajenga shule, anaongeza vitanda vya hospitali, anaajiri kila anayetaka kazi. Matendo mema tele! Lakini hapa ndipo Hugo anapopiga pigo lake kali kuliko yote. Kiwanda kina kanuni: wanawake wawe na mwenendo mwema. Anayewasimamia ni mama mmoja mwadilifu, mkarimu wa kutoa, ila hana ule ukarimu wa kuelewa na kusamehe. Inapojulikana kwamba Fantine ana mtoto nje ya ndoa, anafukuzwa kwa jina la meya, na anapewa faranga 50 za msaada. Meya mwenyewe hana habari. Fantine anauza nywele, anauza meno ya mbele, mwisho anauza mwili wake.

Soma tena mlolongo huo. Mtu aliyeokolewa na neema amejenga mfumo wa wema ambao ndani yake hamna nafasi ya neema. Kama askofu angetumia kanuni za kiwanda kile, Valjean angerudishwa gerezani asubuhi ileile. Hakuna mahubiri niliyowahi kuyasikia yaliyoonyesha vizuri hivi hatari ya matendo mema yanayosahau yalikotoka. Yanabaki na mikono ya kutoa, lakini yanapoteza macho ya kuona.

Kinyume chake ni Javert, inspekta wa polisi. Yeye hana deni na mtu, na hataki mtu awe na deni naye. Mwaka 1832, katika uasi wa Paris, Valjean anapewa nafasi ya kumuua na badala yake anamwachia. Javert hawezi kulibeba jambo hilo. Kupewa uhai bure na mfungwa kunaivunja hesabu yake yote, naye anajitupa katika mto Seine. Watu husema Javert alikufa kwa ajili ya sheria. Mimi nasema alikufa kwa sababu hakujua kupokea.

Ila nina ugomvi na Hugo kuhusu mwisho. Valjean analipa, analipa, hamalizi. Baada ya Cosette kuolewa, anajitenga naye mwenyewe kwa kuona hastahili kukaa meza moja na watu safi, na anakufa kwa upweke uliomla taratibu, vinara vikiwaka karibu yake. Mwandishi anatutaka tuuone utakatifu. Mimi naona mtu aliyewasamehe wote isipokuwa yeye mwenyewe, na riwaya inamshangilia kwa hilo. Vinara vilitolewa bure. Miaka 18 baadaye bado anavilipia.

Neno letu "neema" lina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Kwetu neema ni wokovu, na pia ni mvua, mavuno, mwaka wa shibe. Hakuna mkulima anayedai kwamba jembe lake ndilo lililoleta mvua. Lakini pia hakuna mkulima mwenye akili anayeona mvua imenyesha akabaki amelala. Paulo na Yakobo, nikiwasoma kwa Kiswahili, sioni kama wanagombana: mmoja anazungumzia mvua, mwingine anauliza jembe liko wapi. Askofu wa Digne aliwaelewa wote wawili. Valjean alilishika jembe kwa uaminifu mpaka mwisho, ila hakuwahi kusimama kidogo shambani na kuiacha mvua imlowanishe. Hilo ndilo linalonihuzunisha katika kurasa za mwisho, kuliko kifo chenyewe.