Mapenzi ni Kikohozi: Sifa za Riwaya Inayochekesha

Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika pori la Tanganyika, mwandishi wa Kiingereza Georgette Heyer alikaa ndani ya kibanda cha matete akaandika riwaya ya London ya karne ya 18. Mumewe, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa migodi, na kazi yake ndiyo iliyowaleta huku. Vitabu vingi vya marejeo alivyovitegemea vilibaki kwao, hivyo mavazi, adabu, silaha na misemo ya zama zile ilibidi avitoe kichwani. Riwaya hiyo, The Masqueraders, ilitoka mwaka 1928. Hutakuta humo hata jani moja la Tanganyika, na watu waliomzunguka alipokuwa akiandika hawamo pia. Lakini iliandikwa katika ardhi yetu, na mimi nadhani inatuhusu kwa sababu nyingine kubwa zaidi: ina ufundi ambao wasomaji wengi huupita bila kuusalimu. Ni ufundi wa kuichukua hadithi ya mapenzi inayojulikana na kila mtu, kuisimulia upya ndani ya historia, na kuchekesha bila kuyavunjia mapenzi heshima.

Hadithi yenyewe ni kongwe. Binti anavaa kiume, anaingia penye wanaume, anampenda mmoja wao, na hawezi kusema. Shakespeare aliirudia mara kadhaa. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, wanamkumbuka Portia akisimama mahakamani kama mwanasheria, mumewe mbele yake asimjue. Katika Twelfth Night, mchezo ulioonyeshwa London mwezi Februari 1602, Viola anamtumikia Orsino kwa nguo za kijana huku akimpenda, na Orsino hagundui lolote mpaka pacha wa Viola anapojitokeza mwishoni. Hapo kila kitu kinafunuka kwa mara moja, na ndoa zinafungwa.

Heyer aliipokea hadithi hiyo akabadili mambo mawili, na mabadiliko hayo ndiyo yaliyozaa riwaya nzima. La kwanza, aliwageuza ndugu wote wawili. Prudence, dada, ni mrefu na mtulivu, basi anakuwa Bwana Peter Merriot. Robin, kaka, ni mfupi, mwembamba, mwepesi wa ulimi, basi anakuwa Bibi Kate, na anajua kuutumia upepeo kuliko mabibi waliozaliwa nao mkononi. La pili, alimpa macho mwanamume anayependwa. Sir Anthony Fanshawe ni jitu la mtu, mzito wa mwendo, kope zimemlegea kama mwenye usingizi. Wanaomzunguka wanamdhania mvivu. Kumbe katika kitabu kizima hakuna anayeona kuliko yeye.

Hebu tutazame jinsi kicheko kinavyojengwa. Robin anampenda Letty Grayson, msichana tajiri waliyemwokoa njiani kutoka kwa mlaghai aliyetaka kutoroka naye. Kwa kuwa Letty anamjua kama Kate, anamfanya shoga wa siri. Kisha Robin anamtokea kwenye dansi kwa nguo za kiume na barakoa usoni. Letty anarudi nyumbani moyo unamdunda, na nani wa kumweleza habari za huyo kijana wa ajabu kama si shoga yake Kate? Robin anakaa ndani ya gauni akisikiliza akisifiwa, na inambidi ashangae, aulize maswali, na atoe nasaha za kike. Hakuna mtu anayeanguka wala anayetukanwa. Tunacheka kwa sababu sisi tunajua na Letty hajui, na kila neno lake lina maana mbili. Kazi ya mwandishi wa namna hii ni kugawa ujuzi: nani ajue nini, na ajue lini. Akikosea kidogo, Letty ataonekana mjinga au Robin ataonekana katili. Heyer hakosei, kwa sababu amehakikisha kwamba katika mchezo huo Robin naye ana cha kupoteza.

Na hapo ndipo historia inapoingia. Riwaya imewekwa baada ya uasi wa mwaka 1745, pale wafuasi wa ukoo wa Stuart walipojaribu kuurudisha ufalme kwa silaha. Walishindwa Culloden tarehe 16 Aprili 1746, na serikali ikalipiza kisasi. Mabwana wakubwa walikatwa vichwa kilimani pa Tower, na vichwa vya waasi wengine vikatundikwa juu ya lango la Temple Bar, katikati ya London, kila apitaye avione. Robin na baba yake walikuwa upande ulioshindwa. Kwa hiyo gauni la Robin si la mzaha. Ndilo linaloitunza shingo yake. Waandishi wengi wa riwaya za mahaba huitumia historia kwa ajili ya nguo nzuri na magari ya farasi. Heyer aliitumia kuyapa mavazi uzito. Kila tunapocheka tunakumbuka kwamba mtu mmoja akiropoka, kaka huyu atanyongwa. Hofu hiyo ndiyo inayokifanya kicheko kiwe na thamani.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na sijaona riwaya inayothibitisha methali hiyo kwa uzuri kama hii. Prudence anaweza kuficha mambo yote. Anatembea kiume, anacheza karata, anashika upanga. Wanaume wakinywa, yeye anaumwaga mvinyo ndani ya mkono wa koti lake ili kichwa kibaki safi. Sir Anthony anauona mvinyo ule ukimwagika, hasemi. Anaendelea kutazama, na anayoyaona anayaweka moyoni. Siku Prudence anapoingia katika ugomvi ambao kwa desturi za wakati ule lazima uishie kwenye pambano la panga, Sir Anthony anamwahi yule mgomvi, anampa sababu ya kupigana naye kwanza, na anamjeruhi asiweze kupigana tena. Hakumtungia shairi, hakupiga magoti. Tangu hapo msomaji anajua anachojua Sir Anthony, na Prudence naye anaanza kuhisi kwamba amejulikana.

Hapo ndipo Heyer alipoipita hadithi ya zamani. Orsino anampata Viola baada ya siri kufichuliwa na wengine. Sir Anthony anampenda Prudence akiwa bado ndani ya koti na upanga kiunoni, akiwa ameshautambua ujasiri wake, utulivu wake na uaminifu wake kwa ndugu yake. Anapomwomba waoane, Prudence anakataa mpaka jina la familia yake lithibitike, maana hataki kumchafulia heshima. Ucheshi unanyamaza kidogo hapo, na tunatambua kwamba muda wote tuliokuwa tukicheka, watu hawa walikuwa wakipimana.

Heyer aliirudia habari ya binti aliyevaa kiume zaidi ya mara moja: alikuwa ameshaitumia katika These Old Shades mwaka 1926, na akaitumia tena katika The Corinthian mwaka 1940. Si kwamba alikosa la kusema. Fundi huijua hadithi vizuri zaidi kila anapoirudia, na kila mara huuliza swali jipya. Alikuwa mtu wa kazi: riwaya yake kuhusu vita vya Waterloo, An Infamous Army ya mwaka 1937, ilitumiwa kufundishia katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Lakini kwa kuwa aliandika mapenzi, na kwa kuwa alichekesha, wahakiki wengi wa enzi yake hawakumtilia maanani.

Nadhani walikosea, na kosa hilo bado linafanywa hata kwetu, ambapo riwaya ya machozi huheshimiwa na ya kicheko huonekana ya kupotezea wakati. Mwenye kutunga hadithi mpya anasaidiwa na udadisi wa msomaji. Mwenye kurudia hadithi inayojulikana hana msaada huo. Msomaji anajua kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba wawili hawa wataoana. Kinachomfanya asifunge kitabu ni sentensi zenyewe, mpangilio wa siri, ukweli wa zama, na imani kwamba watu hawa wanastahili kuwa pamoja. Heyer aliyaweza yote manne akiwa mbali na vitabu vyake. Mwandishi anayeweza kutuchekesha tukiwa na hofu, na kututia hofu tukiwa tunajua mwisho, anastahili kuitwa fundi bila kuongezwa neno la kumpunguzia.