Fani na Maudhui ya Tairi

Katika somo la fasihi tuliwafundisha wanachuo kwamba kila kazi ina pande mbili, fani na maudhui, na kwamba mhakiki anayeishia kwenye fani amesoma nusu. Kanuni hiyo yafaa hata kwa kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni maandishi, nacho ni tairi la gari. Fani ya tairi ni kashata zake, zile zinazogusa barabara na kuvutia macho dukani. Maudhui yake ni maneno na tarakimu zilizochorwa ubavuni. Wanunuzi walio wengi hapa Mtwara, na bila shaka kwingineko, hununua kwa fani. Nakusudia kuonyesha kwamba huo ni uhakiki mbovu, na kwamba kwa mwenye gari lenye nguvu ubovu huo waweza kugharimu roho za watu.

Yafaa kwanza tuwatendee haki wanunuzi hao, kwa sababu kipimo chao kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Zamani gari lenye nguvu huku kusini lilikuwa na maana moja tu, gari la kuvuka tope. Msafiri wa Dar es Salaam alingoja kivuko cha Rufiji, na mbele na nyuma ya kivuko alipambana na utelezi. Katika safari ya namna hiyo tairi bora lilikuwa lile lenye meno makubwa, na jicho lilitosha kulichagua. Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003, lami ikaendelea kipande kwa kipande mpaka ikatuunganisha na Dar es Salaam, na maana ya nguvu ikabadilika. Leo nguvu ni mwendo. Adui wa tairi si tope tena bali joto, umri na uzito, na maadui hao watatu hawaonekani kwenye kashata.

Chukua mfano wa Toyota Mark X, gari linalopendwa sana na vijana wetu. Lina injini ya silinda 6, ya lita 2.5 au zaidi, yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Gari hilo likienda kilomita 120 kwa saa, kila tairi huzunguka karibu mara 16 kwa sekunde, na katika kila mzunguko ubavu hujikunja ukigusa chini na kujikunjua ukiinuka. Kule kujikunja ndiko kunakozaa joto. Upepo ukipungua, ubavu hujikunja zaidi na joto huongezeka. Tena, hesabu ya sekondari yatuambia kwamba kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini nishati ambayo breki na matairi vitapaswa kuizuia imeongezeka mara 2 na robo. Ndipo tuulize: je, kashata nzuri yatuambia lolote juu ya hayo?

La hasha. Tena yaweza kutudanganya. Magari mengi yaliyotumika Japani hufika bandarini yakiwa na matairi ya theluji. Hayo yana kashata nene, zenye mikato mingi midogo midogo, na mtu akiziona husema gari limekuja na matairi mapya. Kumbe mpira wake ulichanganywa uwe laini ili usikakamae kwenye baridi kali. Ukiuleta kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana hulegea, huisha upesi, na gari huchelewa kusimama. Ubavuni aghalabu pameandikwa STUDLESS, au pana alama ya mlima wenye kitone cha theluji. Mwenye kusoma atalitambua kabla hajatoka nalo bandarini. Mwenye kutazama atalisifu mpaka litakapomwangusha. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ananunua korosho, alipasukiwa na tairi la nyuma akitoka Lindi na familia yake. Gari liliyumba likaingia kwenye mikorosho. Watu wazima walitoka na michubuko, lakini mtoto alivunjika mkono. Nilipokwenda kuwajulia hali, alinionyesha tairi akisema, ‘Mwalimu, lilikuwa jipya, nimelinunua dukani miezi mitatu tu iliyopita. Tazama kashata.’ Kweli kashata zilikuwa nzima. Nikamwomba alilaze ubavu wa pili juu. Mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT palikuwa na tarakimu nne, 3214. Maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 32 ya mwaka 2014. Wakati ule tulikuwa mwaka 2022. Tairi lilikuwa jipya kwa muuzaji na kwa mnunuzi, lakini mpira wenyewe ulikuwa umezeeka miaka 8, na sehemu ya miaka hiyo yawezekana ilipita juani mbele ya duka. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi lenye miaka 6 libadilishwe, na baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka miaka 10 kuwa ukomo hata kama halijatumika. Katika nchi ya joto kama yetu ni busara kushika ile hesabu ndogo.

Hapa mhakiki hana budi kumgeukia mwandishi, yaani mtengenezaji. Jina lake amelichora kwa herufi kubwa pande zote mbili. Tarehe ya kuzaliwa kwa tairi ameichora kwa herufi ndogo, kwa fumbo, na mara nyingi upande mmoja tu. Fundi akilifunga upande huo ukiwa ndani, msomaji atalazimika kulala chini ya gari ili ausome. Kitabu kinachoficha ukurasa wake muhimu kuliko yote kina kasoro, hata kama karatasi yake ni nzuri. Kwa hiyo mnunuzi asome kabla tairi halijafungwa, na amwambie fundi aweke tarehe upande wa nje, iwapo kashata zake hazina upande maalumu wa kukaa.

Tuyasome basi maudhui yenyewe. Chukua tairi la Mark X lililoandikwa 215/60R16 95H. Upana wake ni milimita 215. Kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 129. R ni muundo wa radiali, ambamo nyuzi hupita kutoka ukingo hadi ukingo. Rimu ni inchi 16. Namba 95 ni ya uzito, na maana yake ni kilo 690 kwa tairi moja. Herufi H ni ya mwendo, na ukomo wake ni kilomita 210 kwa saa. Uzito na mwendo visishuke kamwe chini ya vile alivyoagiza mtengenezaji wa gari. Lakini kupanda juu sana nako hakuna faida kubwa. Magari ya Japani yaliyotengenezwa kwa soko la kwao huzuiwa yasipite kilomita 180 kwa saa, na vijijini kwetu sheria ni kilomita 50. Anayelipa zaidi ili apate herufi ya kilomita 270 amenunua sifa, na fedha hiyo ingemfaa zaidi katika tairi changa.

Namba hizohizo zatusaidia kuhukumu mtindo wa siku hizi wa kubandika rimu kubwa na tairi jembamba la ubavu. Mark X nyingine huvaa 235/45R18. Kimo chake chote ni karibu sawa na cha lile la kwanza, lakini ubavu wake ni milimita 106 tu. Umepoteza milimita 23 za mto wa upepo, na mto huo ndio unaopokea shimo kabla rimu haijapokea. Katika barabara zinazopitiwa na malori ya saruji na ya korosho mashimo hayakosekani. Tairi pana nalo husukuma maji mengi zaidi mbele yake, hivyo kashata zikipungua huelea upesi kwenye madimbwi ya mvua za Januari. Ikiwa breki za gari zinaruhusu rimu ya inchi 16, kwa safari ya kila siku mimi ningechagua hiyo, hata kama vijana wataniona mshamba.

Wako wanaosema, ‘Nunua jina kubwa, basi.’ Hawa nao wana sehemu ya ukweli. Matairi hayalingani katika kushika lami iliyolowa, na viwanda vyenye majina vimefanya majaribio mengi. Lakini jina halizuii uzee. Tairi la jina la kati lenye miezi 6, likitimiza uzito na mwendo, nalipendelea kuliko lenye jina kubwa na miaka 7. Matairi mengi pia huandikwa TEMPERATURE, likifuatiwa na A, B au C, kwa utaratibu wa Marekani. A ndilo linalostahimili joto vizuri zaidi, na C ni kile kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Mtu wa Mtwara atafute A.

Hata maudhui mema huharibiwa na msomaji mzembe. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kPa. 230 ni sawa na paundi 33. Wanaopunguza upepo ili wapite mchanga wa Msimbati siku ya mapumziko wakumbuke kuujaza kabla ya kukanyaga lami, maana ndilo joto lile tulilolieleza. Akishindwa kununua matairi manne kwa pamoja, anunue mawili yanayofanana na kuyaweka nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma dereva wa kawaida hulishindwa. Mwenye Subaru ya kuvuta magurudumu yote asichanganye mazima na yaliyoisha, kwani tofauti ya mzingo hutesa gia na difu.

Msomaji atasema kwamba haya ni kazi ya mafundi. Lakini fundi hasafiri na watoto wako. Tena hakuna elimu ya pekee inayotakiwa hapa: ni asilimia, kipenyo, kalenda na herufi chache. Shule zetu nyingi bado hutundika rimu kuukuu chini ya mwembe na kuigonga kama kengele. Mwalimu wa hisabati angeomba na tairi kuukuu katika gereji ile ile, akalilaza mbele ya darasa la saba na kuwaambia wasome ubavu, watoto wangefika nyumbani na swali moja la kuwauliza wazazi wenye magari: Baba, matairi yetu yalizaliwa lini?