Wakili Tuliyemsahau Kwenye Rafu ya Vitabu

Pheroze Nowrojee alipofariki Aprili 2025, simu yangu ilijaa picha zake akiwa amevaa joho jeusi. Mtetezi wa wafungwa wa kisiasa enzi za Moi. Mmoja wa mawakili waliosimama Mahakama ya Juu mwaka 2017, katika kesi iliyofuta uchaguzi wa urais. Yote ni kweli. Lakini mimi sikumjulia kortini. Nilimjulia kwenye kitabu chembamba nilichonunua kwa muuza vitabu kuukuu wa kando ya barabara, shilingi mia na hamsini, baada ya kubishana sana.

Kitabu chenyewe ni Pio Gama Pinto: Patriot for Social Justice, cha 2007, kilichoandikiwa vijana. Nilikitaka kwa sababu ya Pinto. Mwandishi nilimtazama baadaye, nikajiuliza: huyu si yule wakili?

Ndiyo, ni yule. Na hapo ndipo kitabu kilianza kunishangaza. Pinto alipigwa risasi Februari 24, 1965, ndani ya gari nje ya nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa naye. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo na akatoka 2001, bado akisema hana hatia. Nani aliwatuma wauaji? Swali hilo lingemtoa wakili yeyote mate. Angeweza kutuandikia kesi nzima, mashahidi na risasi, na tungekisoma usiku kucha.

Lakini angalia jina alilokipa kitabu. Halitaji mauaji. Linataja uzalendo na haki. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi mkubwa wa mwandishi huyu. Sisi Wakenya tuna tabia mbaya ya kuwajua mashujaa wetu kwa vifo vyao. Uliza mtu kuhusu JM, atakuambia Ngong. Uliza kuhusu Mboya, atakuonyesha alipoangukia. Waliishi vipi? Hapo watu wananyamaza. Pinto alikuwa mwanahabari, mtu wa vyama vya wafanyakazi, na serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini kuanzia 1954 hadi 1959. Kijana anayeanzia hapo anapata mtu wa kuiga. Anayeanzia kwenye risasi anapata tu sababu ya kuogopa.

Kitabu kingine ni A Kenyan Journey, cha 2014, kinachofuata familia yake tangu babu aliyekuja wakati wa reli. Hapa pia jina linabeba hoja. Hakusema safari ya Wahindi. Alisema ya Kenya, miaka mitatu kabla serikali haijawatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Hakungoja cheti cha mtu.

Sasa, nisije nikageuza hii kuwa hotuba ya mazishini. Nina malalamiko mawili. La kwanza: historia ya familia ina mipaka yake. Kila nikisoma habari za reli, namkumbuka Koitalel arap Samoei, aliyeuawa 1905 watu wake wakipinga utawala ulioifuata reli hiyo hadi kwao. Kwa familia moja, reli ndiyo mlango wa kuingilia nyumbani. Kwa nyingine, ndiyo siku nyumba ilipovunjwa. Safari ya ukoo mmoja, hata iwe ya kweli namna gani, haiwezi kubeba zote mbili kwa uzito sawa. La pili: vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza. Pinto alipigania wafanyakazi, na wengi wa watoto wao wangesoma habari zake kwa raha zaidi kwa Kiswahili. Kazi hiyo bado inatungoja sisi.

Hata hivyo, siwezi kukubali tunavyomgawa mtu huyu: uwakili kazi, uandishi burudani ya Jumapili. Nadhani alihitaji vyote. Korti husikiliza aliye hai, mwenye faili, aliyefika kwa wakati. Aliyekufa bila kusikilizwa, au babu aliyefika Mombasa bila mtu wa kuandika jina lake, hana nambari ya kesi. Huyo anahitaji mtu wa kumwandikia. Nowrojee, ambaye pia alikuwa mshairi, alikubali kazi hiyo, na sidhani kama ililipa.

Mwezi uliopita nilimpa binamu yangu wa kidato cha tatu kile kitabu cha Pinto. Akakigeuza, akatazama picha. “Huyu Mhindi alifungwa na Wazungu kwa sababu yetu?”

Nikamwambia, “Wewe soma kwanza.”

Mpaka leo hajakirudisha, na sijamuuliza.